Ukurasa wa Nyuma

Barua ya kazi ilifika Jumatatu,
majibu yanatakiwa Ijumaa.

Jumatano usiku, Nshoma ameshalala,
tulichukua daftari lake la hisabati
tukaligeuza, tukaanzia nyuma,
maana karatasi nyingine humu ndani hakuna
ila kalenda ya wauza mbolea, na ile ina mafuta.
Kalunde ndiye mwenye mwandiko.
Maabara imemfundisha tarakimu zisizobishaniwa.
Mimi fundi redio wa Isevya, kazi yangu kutaja.

Akaandika juu: DAR.
Mshahara mpya, makato yakishachukua chake:
laki nane na sabini.
Akaniangalia. "Na wewe?"
Nikasema laki mbili na nusu,
haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.
Redio za Dar sizijui.
Sijui kama hutengenezwa au hutupwa tu.

Tukaanza kutoa.
Vyumba viwili Kimara, laki mbili na nusu,
na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi.
Hiyo tukaiweka pembeni kwanza.
Ikakaa pembeni, ikitutazama.
Nauli. Gesi. Shule. Maji ya dumu.
Mama yangu, mama yake, arobaini arobaini:
hapo hakuna aliyebisha.
Chakula laki nne na ishirini.
"Pamoja na nyama?"
"Ya Jumapili."
"Basi andika dagaa."

Mwisho wa yote ilipungua elfu arobaini na tano.
"Arobaini na tano," alisema, "si kitu cha kumkosesha mtu mji."
"Kila mwezi, mama Nshoma."

Treni ya mizigo ikapita, bati likatetemeka,
LUKU ikaanza kulia, pi, pi,
na hakuna aliyeinuka.
Ndipo akasema, "Tupige na ya hapa."

Miaka tisa ya ndoa hatujawahi kupiga ya hapa.
Ya hapa tunaiishi tu.

Akaandika TABORA. Mapato, laki nane na thelathini.
Matumizi, laki nane na tisini.
Tulirudia mara mbili,
maana haiwezekani mtu apungukiwe sitini
miaka tisa mfululizo
na bado awe na viatu.

Sasa hiyo sitini hulipa nani?
Michembe ya mama yake kutoka Sikonge,
gunia zima, hatukuiandika.
Kisima cha mama Kapaya. Uyoga wa mvua za kwanza.
Nusu ndoo ya asali aliyoniachia mtu wa Ipole
kwa kukosa pesa ya spika.
Hilali wa dukani: "Nenda tu, tutaonana."
Na Nshoma, mchana anakula kwa watu,
jioni watoto wa watu wanakula kwetu;
huyo umwandike upande upi?

"Na Kimara," aliuliza taratibu, "atatulipia nani?"
Sikuwa na jina. Yeye pia hakuwa nalo.
Lakini ile laki nane na sabini hakuifuta.
Huko kuna mashine ya damu
ambayo hapa anaisoma kwenye picha.
Hilo nalo hatukuliandika.

LUKU ikakata. Tukalala,
kila mtu na tarakimu zake.

Asubuhi daftari likaenda shule, tumesahau.
Alhamisi jioni likarudi:
mwalimu kasahihisha lote, mpaka nyuma.
Kwenye DAR, alama ya kuuliza.
Kwenye TABORA, pale tulipotoa tisini kwenye thelathini,
mkasi mwekundu, na chini yake:
*Haitoshi. Hapa ulitakiwa kukopa kwa jirani. Rudia.*

Kalunde alicheka mpaka akakaa chini.
Kesho Ijumaa.
Bado anacheka, barua iko magotini,
na kalamu ameishika.